Sungura wa Masasi

Likizo iliyopita mimi na Baba Salma tulikata shauri kuwapeleka watoto Dar es Salaam, kwenye bustani ya michezo ambayo Salma aliiona kwenye simu ya jirani, na tangu siku hiyo hakutuacha tukala wala tukalala. Tulitoka Masasi alfajiri, tukafika hoi, na kesho yake asubuhi tulikuwa wa kwanza getini. Sitawachosha kwa habari za foleni na vumbi. Ninachotaka kusimulia ni harufu.

Katikati ya bustani alikuwepo dubu, yaani mtu aliyevaa vazi la manyoya lenye kichwa kikubwa kama tenga, akipeana mikono na watoto ili wazazi wapige picha. Salma ana miaka mitano na haogopi kitu ila sindano. Alimkimbilia dubu akamkumbatia tumboni. Niliposogea na simu yangu, ile harufu ikanipata: sponji iliyolowa jasho ikakauka, ikalowa tena, na juu yake mafuta ya nazi. Salma alikuwa amechungulia mdomoni mwa dubu, pale penye kitambaa cheusi cha wavu, kisha akageuka na kutangaza kwa sauti ya kusikika bustani nzima:

“Mama, humu ndani kuna mtu. Nimeona macho yake.”

Watu wakacheka. Dubu mwenyewe akacheka kwa mabega. Mbingu haikuanguka, hakuna aliyemvuta mtu sikio, na foleni ya picha ikaendelea. Nikampa Baba Salma simu, nikazunguka nyuma ya kibanda cha bisi, nikalia kwa kwikwi, mimi mwalimu mzima wa darasa la nne. Baba Salma alidhani ni jua. Nilimwachia aamini hivyo, maana habari yenyewe sikuwahi kumsimulia mtu, na sikujua ningeanzia wapi.

Nianzie Newala, basi. Nyumba yetu ilikuwa juu kwenye tambarare, kwenye udongo mwekundu, ambako maji yalikuwa kitu cha kupimiana kwa kata na mtoto aliyemwaga alikumbukwa kwa kosa hilo wiki nzima. Tuliishi kwa Bibi, mama yake Mama, katikati ya mikorosho iliyopandwa na watu ambao majina yao Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akiyakumbuka. Msimu ukifika, mabibo yalianguka usiku na mchana, na asubuhi uwanja mzima ulinuka utamu uliokaribia kuchacha. Hadi leo nikipita mahali penye bibo lililopondeka, nasimama.

Mliokulia kwetu mnamjua lipiko. Wengine niwaambie tu kwamba ni mcheza ngoma aliyevaa kichwa cha mti kilichochongwa sura ya mtu na kubandikwa nywele za kweli, mwili wote umefungwa nguo hata usione ngozi. Alitoka siku vijana wanaporudi kutoka jandoni. Wanaume walijua siri yake. Sisi watoto tuliambiwa kuwa si mtu, ametoka makaburini, na wanawake waliokwisha kufundwa walijifunika kanga usoni wakijitia hawajui lolote. Akiwa mbali tulimkimbia. Akikufikia karibu, ulitakiwa kuinamisha macho, kumwekea kitu chini, kisha kurudi kinyumenyume bila kusema neno.

Siku moja mtoto wa jirani alisema amemtambua lipiko, eti ni yule fundi baiskeli. Bibi akanivuta sikio mimi, ingawa mimi sikusema kitu. Alikuwa hivyo Bibi, adhabu aliigawa kwa aliye karibu. Akaninong’oneza, “Hata ukimjua, funga mdomo. Ukimtaja aliyemo ndani, harudi kwao.” Nilimuuliza harudi vipi. Akasema harudi, basi. Sikuona mgongano wowote katika hayo, kwamba lipiko si mtu na papo hapo ana kwao pa kurudi. Niliyaweka moyoni yote mawili, kama mtoto anavyoweka kila anachopewa na mtu mzima.

Baba yangu alikuwa mtu wa Chiwata. Alioa kwetu akahamia kwetu, kama ilivyokuwa desturi: mwanamume humfuata mkewe, na mwenye kauli juu ya watoto na mashamba ni mjomba. Alikuwa mpole, mwembamba, mwenye mazoea ya kusimama kwa mguu mmoja huku akijikuna shavu la mguu kwa kisigino cha mguu wa pili, hasa akiwa anafikiri. Jioni alikaa kwenye kigoda na redio yake akisikiliza taarifa ya habari, nami nilikaa chini nikipitisha kidole kwenye alama ya kifundo cha mguu wake wa kushoto. Ilikuwa alama nyeusi inayong’aa, yenye umbo la jani, ncha imeelekea kisigino.

Alama ile ilikuwa yangu. Siku moja tulikuwa tukikaanga korosho uani juu ya bati, zile zenye maganda, na mliowahi kukaanga mnajua jinsi maganda yanavyotoa mafuta meusi yanayoshika moto na kuchuna ngozi. Nilikuwa nakimbiza kuku bila kuangalia mbele. Baba alinidaka kwa mkono mmoja na kulipiga teke bati lisinifikie, mafuta yakamrukia yeye. Hakupiga kelele. Aliniweka chini, akaniuliza kama kuku nimempata. Tangu hapo niliihesabu alama ile kuwa mali yangu, na nilimkataza mdogo wangu Rashidi kuigusa.

Kisha Baba akakata mikorosho miwili. Ilikuwa mizee, haizai tena, naye alikuwa amepata miche mipya ya kupanda mahali pake. Kwake lilikuwa jambo la kilimo tu. Lakini mikorosho ile ilikuwa ya ukoo, na aliikata bila kumuuliza Mjomba Saidi, kaka yake Mama. Mjomba alikuja na watu, akasimama kati ya magogo yale mawili na kumwambia Baba mbele yetu sote, “Hapa ulikuja kuoa. Hukuja kutawala.” Baba alisimama kwa mguu mmoja. Mama alikuwa mlangoni, na kati ya kaka yake na mumewe hakuwa na pa kutia neno.

Haikupita wiki akaondoka. Alichukua redio na katambuga zake, akamwambia Mama atarudi siku atakapokuwa na kitu chake mwenyewe ambacho hakuna wa kumsuta nacho. Mimi aliniambia anakwenda kutafuta, na kwamba nimwangalizie kigoda. Nilikiangalia kweli. Bibi alipotaka kukikalia nilimletea kingine, na kwa mara ya kwanza hakunivuta sikio.

Siwezi kueleza vizuri kipindi kile cha kungoja, kwa sababu mtoto hangoji kama mtu mzima. Nilicheza, nilikwenda shule, nilisahau siku nzima, halafu jioni wakati wa taarifa ya habari ukifika na uani hakuna sauti ya redio, nilitafuta sababu ya kugombana na Rashidi. Mama hakusema chochote juu yake. Alipika, alilima, alipalilia ile miche mipya mwenyewe, na Mjomba alipopita aliizunguka asiikanyage.

Siku moja akaja mtu kutoka Masasi na salamu za Mama mdogo Zainabu, mdogo wake Mama aliyeolewa mjini. Mama alimsikiliza pembeni, mbali nasi. Kesho yake akatutangazia kwamba shule zikifungwa tutashuka Masasi kupanda bembea. Alisema zimekuja bembea kubwa za kuzunguka zenye taa na muziki, na treni ya watoto, na vitu ambavyo Newala havijaonwa. Rashidi alianza kuota treni usiku ule ule. Mimi niliwatambia wenzangu shuleni hadi mwalimu akaniweka nyuma ya darasa.

Mama alisukwa nywele. Alikatisha kitenge kipya cha rangi ya manjano na kijani, akakishonesha gauni kwa fundi, akalivaa nyumbani mara moja ili ajitazame, akalivua akalikunja. Mjomba alinung’unika kwamba watoto wanazoeshwa anasa. Bibi alimtazama Mama kichwani, akatazama lile gauni, akaenda zake jikoni. Aliporudi alinipa korosho alizokaanga na kubangua, kwenye mfuko mdogo wa nailoni aliofunga kwa uzi mwekundu, mafundo mawili. Nilidhani gauni jipya ni la kupandia bembea. Nilikuwa na miaka minane, na dunia yote ilikuwa imeandaliwa kwa ajili yangu na bembea.

Masasi ilinishangaza kwa mambo mawili. La kwanza ni ile milima ya mawe matupu, iliyosimama nyuma ya nyumba za watu bila mtu kuijali. La pili ni maji. Kwa Mama mdogo nilipewa ndoo nzima nioge peke yangu. Nilioga nusu na kumwachia Rashidi nyingine, Mama mdogo akacheka hadi akakaa chini, akasema nyie watoto wa juu mna adabu ya maji kuliko ya watu. Halafu yeye na Mama wakaingia chumbani kuongea, na nikasikia Mama akiuliza, “Umemwona kwa macho yako?”

Kesho yake tulikwenda uwanjani. Naweza kufumba macho sasa hivi nikauona. Kulikuwa na farasi wa bati waliopakwa rangi, wakizunguka na mashine iliyonuka dizeli. Kulikuwa na viti vilivyoning’inia kwa minyororo, vikienda kasi vinatandazika hewani na wasichana wakubwa wanapiga mayowe. Treni ya Rashidi ilikuwa na mabehewa matatu na kengele. Na kulikuwa na bwawa la plastiki, limejaa maji hadi ukingoni, na ndani yake vitoto vya boti vya kukanyagia. Nilisimama pale muda mrefu. Maji ya kuchezea. Nilimfikiria Bibi na kata yake, nikajihisi mkosaji kwa kutazama tu.

Mama hakutazama bembea. Alitazama watu wanaoziendesha. Alikwenda mashine baada ya mashine, gauni lake jipya likishika vumbi pindoni, hadi akafika kwa mwanamume mrefu aliyekuwa akikata tiketi. Alimwamkia, akamuuliza, “Namuulizia Baba Somoe, mtu wa Newala.” Somoe ni mimi. Yule mwanamume aliangalia huku na huku, akatabasamu, akasema, “Yupo, mama. Yuko kazini. Utamwona tu.”

Hivyo ndivyo nilivyojua tumefuata nini Masasi. Bembea zote zikaniishia ladha pale pale. Nilipanda farasi nikizungusha shingo kama bundi, nikimtafuta Baba kwenye kila kona. Kila mwanamume mwembamba alikuwa yeye hadi alipogeuka.

Mchana wa siku ile ndipo alipotokea sungura. Alitoka nyuma ya hema la turubai, mweupe, kichwa kikubwa, masikio mawili marefu moja limelala, meno nje, glavu nyeupe mikononi. Watoto wa Masasi walimkimbilia wakimvuta mkia. Mimi na Rashidi tulikimbilia upande wa pili. Kwetu lilikuwa jambo lililo wazi kabisa: kichwa kisicho cha mtu, mwili uliofunikwa, hasemi. Tulijificha nyuma ya Mama, na watoto wa mjini wakatucheka kweli kweli. Mama hakucheka. Alimtazama sungura kidogo, kisha akavuta kanga yake na kujifunika uso. Nikatulia nilipoona hivyo. Nikajua basi ni lipiko, na Mama naye anajua. Sungura alisimama mbali kidogo akitutazama, hadi watoto walipomvuta akaenda nao.

Siku ya pili tulirudi. Mama alivaa gauni lile lile, alilifua usiku. Alikaa kwenye benchi karibu na treni, nami nilikaa miguuni pake na mfuko wangu wa korosho, kwa sababu sikutaka tena kupanda kitu. Sungura akaja. Safari hii hakusimama mbali. Alipita katikati ya watoto, akaja moja kwa moja hadi mbele yangu, akapiga goti.

Niliinamisha macho, kama nilivyofundishwa, na kwa kuinamisha macho nikaona miguu yake. Suruali ya manyoya ilikuwa fupi. Chini yake kulikuwa na katambuga zilizofungwa kipande cha mpira wa baiskeli, na juu ya katambuga ya kushoto, kwenye kifundo, kulikuwa na jani jeusi linalong’aa, ncha imeelekea kisigino.

Sitasema nilishtuka. Nilijaa. Nilikuwa karibu naye hata harufu ya sponji ile na jasho na mafuta yake ya nazi iliniingia hadi kooni. Alininyooshea mkono, ule wenye glavu, akaufungua. Neno “Baba” lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu, nimelishika kwa meno. Na hapo hapo nikasikia sauti ya Bibi, wazi kama amesimama nyuma yangu: ukimtaja aliyemo ndani, harudi kwao.

Mimi nilitaka arudi. Hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko hicho. Kwa hiyo nikafunga mdomo. Nikaweka mfuko wa korosho kwenye majani mbele ya goti lake, sikuugusa mkono wake, nikarudi kinyumenyume hatua moja, ya pili, hadi mgongo ukagusa magoti ya Mama. Niliona kwa pembe ya jicho kwamba Mama amejifunika kanga tena. Sungura alibaki amepiga goti, mkono umefunguka, kwa muda ambao hata sasa siwezi kuupima. Kisha akaokota ule mfuko, akasimama. Alisimama kwa mguu mmoja, kisigino cha mguu mwingine kikikuna shavu la mguu. Halafu akaenda nyuma ya turubai.

Nilijivunia. Nawaambieni ukweli, niliondoka uwanjani siku ile nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilidhani nimefanya jambo kubwa, nimeshinda mtihani ambao hata wakubwa hawajui kwamba upo, na malipo yake ni Baba. Rashidi nilimwona mtoto mdogo sana. Mama nilimhurumia njia nzima kwa kuwa hajui ninachokijua, na nilitamani kumwambia, na nilijikaza.

Siku ya tatu asubuhi tulikuta uwanja mtupu. Farasi hawapo, treni haipo, bwawa limemwagwa na matope yake bado mabichi. Majani yalikuwa yamelala kwa mviringo pale mashine zilipokuwa. Mwanamke aliyekuwa akiokota chupa alisema wamepakia usiku, wamekwenda Tunduru. Mama alisimama katikati ya mviringo ule, na gauni lake, na nywele zake zilizosukwa. Kisha akasema, “Twendeni nyumbani, wanangu,” na jioni tulikuwa Newala.

Nilifagia uani kila siku. Nilikipangusa kigoda. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana sikumtaja. Mvua zikaja zikaondoka, ile miche ikanifika kiunoni, ikanifika kifuani. Mikorosho ikachanua tena, na siku moja yenye joto akaja yule mwanamume mrefu wa tiketi, amebeba redio ya Baba.

Bibi alimtandikia mkeka. Mjomba Saidi aliitwa. Yule mgeni alisema Baba alipatwa na homa wakiwa safarini, mbali, hakuchukua hata siku nne, wakamzika huko huko kwa heshima zote. Mjomba aliinama akashika kichwa. Kisha mgeni akaeleza habari ya sungura, akiwa na haya, kwa kuwa alijua si kazi ya kumsimulia mjane. Alisema mwenye bembea alikuwa mkali, anayevua kichwa mbele ya watu au kusema neno alikuwa anafukuzwa papo hapo, na Baba alikuwa amebakiza kidogo tu apate mashine yake ndogo ya kuzungusha watoto, aje nayo Newala. Jioni ya siku ya pili, alisema, Baba alioga akavaa shati safi, akaenda hadi mtaani kwa Mama mdogo Zainabu. Akarudi bila kubisha hodi.

“Nilimuuliza vipi,” akasema yule mgeni. “Akaniambia, wanangu walikuja Masasi kupanda bembea. Hawakunijua.”

Kisha akatoa vitu vingine kwenye mfuko wake: shati, kofia, na mwisho mfuko mdogo wa nailoni wenye korosho zilizobadilika rangi, umefungwa uzi mwekundu, mafundo mawili. Alisema hawakujua ni za nini, lakini marehemu hakumruhusu mtu kuzigusa. Mama aliupokea mfuko ule kwa mikono miwili. Aliutazama, akanitazama mimi, kisha akaingia ndani. Mimi nilikimbilia kwenye mikorosho nikakaa kwenye moja ya yale magogo mawili. Sikulia. Nilikuwa nikirudia neno moja tu moyoni, nilikujua, nilikujua, kana kwamba likirudiwa vya kutosha litamfikia.

Nilikua nalo hilo. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa, nikarudi kuishi Masasi, na uwanja ule napita karibu nao kila siku kwenda shuleni. Siku hizi wamejenga vibanda vya maduka. Sikuwahi kumwambia Mama, kwa sababu niliamini kwamba alikuwa uwanjani siku mbili akimtafuta mume wake, na mtoto aliyekuwa miguuni pake alijua alipo akanyamaza. Hilo ndilo nililolilia nyuma ya kibanda cha bisi.

Tulipotoka Dar tulipitiliza hadi Newala kumalizia likizo kwa Mama. Amezeeka sasa. Tulikuta amekaa uani anamenya mihogo, na watoto walipokwisha kumwamkia shikamoo na kutawanyika, nilichukua kisu cha pili nikakaa mbele yake. Nikamweleza yote. Nilimweleza kifundo cha mguu, na mkono uliofunguka, na maneno ya Bibi. Nilizungumza nikitazama mihogo. Nilipomaliza nilingoja anilaumu, na nafikiri ningeshukuru.

Mama alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye sufuria.

“Nilimjua siku ya kwanza,” akasema. “Alivyosimama tu. Mume nimeishi naye miaka tisa, nishindwe kumjua kwa sababu ya kichwa cha sponji?”

Niliacha kumenya. Aliniangalia kwa mshangao kidogo.

“Hukuona nilijifunika? Mimi nimefundwa, Somoe. Mwanamke hamvui lipiko. Nikasema, akitaka nimwone, atavua mwenyewe. Nilivaa gauni lile siku tatu kumngojea avue.” Akachukua muhogo mwingine, hakuumenya. “Na yeye kumbe alikuwa anangoja mmoja wetu amtaje.”

Akanyoosha mkono wenye kisu kunionyesha umbali, akasema tulikuwa karibu hivi, sote watatu. Kisha akaurudisha mkono mapajani. Sikuwahi kumwona Mama akilia kwa ajili ya Baba, hata siku ya redio, na siku ile pia hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, akayaacha. Nilimkumbuka kijana yule mwembamba ndani ya manyoya, maana Baba alikuwa kijana, mimi leo nimemzidi umri, akichungulia kwenye wavu mweusi mkewe aliyejifunika na mwanawe anayerudi kinyumenyume. Nilimtamani kwa namna ambayo haina dawa.

Salma akaja mbio kutoka upande wa kuku. Kwa siku mbili alikuwa akimsimulia kila mtu habari yake moja, na sasa ilikuwa zamu ya bibi yake. Akamshika magoti akamwambia kwamba Dar alimwona dubu mkubwa, na ndani yake mlikuwa na mtu, na yeye alimwona macho. Nilifungua mdomo kumnyamazisha, ni mazoea. Mama akaniwekea mkono.

“Hata mimi nilimwona sungura,” akamwambia. “Hapo Masasi. Ndani mlikuwa na babu yako.”

Salma akafikiri. “Anaitwa nani?”

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Mama akilitamka jina la Baba. Alimwita Baba Somoe akiwa hai, na baadaye akamwita marehemu. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akakaa sawa.

“Athumani,” akasema.

Salma akalirudia ili alishike, kisha akarudi mbio kwa kuku, akaanza kuwatajia kwa sauti yake ile ya kusikika hadi kwa majirani. Mama hakumkataza.